Mária Telkes, Mwanamke Aliyetaka Kuweka Jua Akiba

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta katika kurasa hizi maisha ya washairi, wamisionari walioandika sarufi, na watunzi wa kamusi. Leo ninawaletea mtu wa kemia. Sababu yangu ni ya kilugha. Ninaandaa kazi ya mwisho wa masomo juu ya istilahi za nishati katika Kiswahili, na kila nilipofika kwenye maneno ya kuhifadhi joto nilikutana na mtu mmoja: Mária Telkes, mwanamke wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani na ambaye Wamarekani walimpa jina la Malkia wa Jua. Nimeona kwamba mtu hawezi kuyatafsiri maneno ya kazi yake bila kuyajua maisha yake kwanza, kwa sababu kila neno lilimgharimu kitu.

Na kwa kuwa hapa kwetu Lubumbashi neno makala lina maana ya kile kitu cheusi tunachokiwasha katika mbabula, niseme mapema kwamba makala hii ya karatasi inayahusu na yale pia.

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia nyumbani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inaposhuka usiku, chupa ya mawese inaamka asubuhi imeganda. Mama anaisogeza karibu na moto. Mafuta hayayeyuki mara moja: yanakaa pale, yanakula joto, na kwa muda mrefu unaona kama hakuna kinachotokea. Joto linaingia, lakini kazi yake ni kulegeza mafuta yaliyoshikana, si kuyafanya ya moto. Jioni yakianza kuganda tena, joto lile lile linatoka polepole. Katika karne ya 18, Joseph Black wa Scotland alilipima jambo hili kwa barafu. Leo tunajua kwamba kuyeyusha kilo moja ya barafu, bila kuipandisha hata nyuzi moja, kunahitaji joto ambalo lingepandisha maji ya uzito ule ule kwa nyuzi 80 hivi. Joto hilo halionekani kwenye kipimajoto, ndiyo maana Black aliliita lililofichika. Katika orodha yangu nimeliandika joto fiche.

Telkes alitumia zaidi ya miaka 40 ya maisha yake akijaribu kulifungia joto fiche hilo ndani ya chombo.

Alizaliwa Budapest tarehe 12 Desemba 1900. Alisoma kemia ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Budapest na kupata udaktari mwaka 1924, wakati ambapo wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka uliofuata alivuka bahari kwenda Marekani kumtembelea ndugu wa ukoo, akapata kazi, akabaki. Kazi hiyo ilikuwa Cleveland, pamoja na daktari mpasuaji George Crile, na ilihusu nishati inayotoka katika viumbe hai. Mwaka 1937 akawa raia wa Marekani na kujiunga na kampuni ya Westinghouse, ambako alichunguza jinsi ya kugeuza joto kuwa umeme.

Tangu ujana wake, lakini, alikuwa akilifikiria jua. Mlango ulifunguka mwishoni mwa miaka ya 1930, pale tajiri mmoja wa Boston, Godfrey Cabot, alipoipa MIT fedha za kuchunguza nishati ya jua. Telkes aliingia katika mradi huo. Mkuu wake alikuwa Hoyt Hottel, mhandisi hodari, mtu wa hesabu na tahadhari. Wawili hao hawakupatana. Hottel aliona maji ya moto ndani ya tangi kuwa njia ya uhakika ya kuweka joto la jua. Telkes aliona kwamba tangi la maji linataka nafasi kubwa mno, na kwamba kitu kinachoyeyuka na kuganda kinaweza kubeba joto lile lile katika nafasi ndogo kuliko hiyo.

Vita vya Pili vya Dunia vikawakuta katika ubishi huo. Serikali ilihitaji kitu cha kuwasaidia marubani na mabaharia waliopotea baharini, wanaokufa kwa kiu huku wamezungukwa na maji. Telkes akabuni chombo chepesi cha plastiki angavu, kinachokunjwa na kuwekwa ndani ya mtumbwi wa uokozi. Kikijazwa hewa kilielea juu ya bahari. Jua lilipita kwenye plastiki na kupasha kitambaa cheusi kilicholowa maji ya chumvi. Mvuke ulipanda, ukagusa sehemu ya baridi, ukarudi kuwa maji ya kunywa. Ni kanuni iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kufunua sufuria ya bukari na kuona matone chini ya kifuniko. Ugumu ulikuwa katika kuifanya iwe ndogo, nyepesi na ya kutegemeka mikononi mwa mtu aliyechoka.

Baada ya vita, alipata nafasi ya kuthibitisha wazo lake la kuhifadhi joto. Nafasi hiyo hakuipata ndani ya MIT. Aliipata kwa wanawake wawili wa Boston. Amelia Peabody, mchongaji sanamu mwenye mali, alitoa fedha na kiwanja chake huko Dover, Massachusetts. Eleanor Raymond, msanifu majengo, alichora nyumba. Telkes alishughulikia joto. Mwaka 1948 nyumba ilikamilika: ndefu, nyembamba, na ghorofa yake ya juu upande wa kusini ilikuwa ukuta mzima wa vioo. Katika nchi ile jua la baridi hupita upande wa kusini, kinyume na hapa kwetu Lubumbashi, ambako mwezi wa sita linapita kaskazini.

Nyuma ya vioo kulikuwa na mabamba ya chuma meusi. Hewa iliyopita hapo ilipata moto, na feni zikaisukuma hadi kwenye vyumba vidogo vilivyojengwa kati ya vyumba vya kuishi. Ndani ya vyumba hivyo vidogo kulipangwa makopo ya chuma yenye jumla ya tani 21 hivi za chumvi ya Glauber. Hiyo si chumvi ya jikoni. Ni salfati ya sodiamu iliyoshikana na maji, iliyopewa jina la Mjerumani Johann Glauber wa karne ya 17, na watu waliijua sana kama dawa ya kulainisha tumbo. Telkes aliichagua kwa sababu tatu: ni rahisi kununua, inabeba joto fiche jingi, na inayeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, joto ambalo hewa ya jua inalifikia bila shida. Mchana chumvi iliyeyuka. Usiku iliganda na kutoa joto lake. Siku za mawingu, feni zilipitisha hewa ya chumba kwenye makopo, na akiba ikatumika kidogo kidogo.

Binamu yake Telkes, pamoja na mkewe na mtoto wao, walihamia humo mwishoni mwa mwaka huo. Hebu fikirini: nyumba isiyo na jiko la mafuta wala la makaa ya mawe, katika nchi ambayo maji hugeuka barafu nje ya dirisha kwa wiki nzima. Magazeti yalikuja. Watu walikuja kwa mamia kutazama. Majira ya baridi mawili ya kwanza yalipita vizuri, familia ikakaa bila kutetemeka.

Majira ya tatu, chumvi ilianza kushindwa. Hapa ndipo msomaji asiye wa kemia anapaswa kunivumilia kidogo, kwa sababu ndiyo kiini cha maisha haya.

Chumvi ya Glauber haiyeyuki kama mawese. Ikipata joto, inaachana na maji yake. Sehemu moja ya chumvi inaingia katika maji hayo, lakini nyingine inabaki kavu, na kwa kuwa ni nzito inazama chini ya kopo. Usiku, baridi inapokuja, chumvi iliyozama haifikiwi na maji yaliyobaki juu. Hairudi yote kuwa kama ilivyokuwa. Kesho yake inayeyuka kidogo kuliko jana, keshokutwa kidogo zaidi. Baada ya mamia ya siku, kopo linakuwa na tabaka mbili zisizosalimiana, na akiba ya joto imepungua sana. Kuna na ugonjwa wa pili: chumvi iliyoyeyuka inaweza kupoa chini ya nyuzi 32 na bado ikakataa kuganda, kama mgeni aliyefika mlangoni asiyetaka kuingia. Na wa tatu: chumvi na maji hula chuma, makopo yakaanza kuvuja.

Hatimaye nyumba ya Dover ikatiwa tanuri la mafuta kama nyumba nyingine. Kwa Hottel na wenzake hilo lilikuwa jibu la kutosha. Mwaka 1953 Telkes aliondolewa MIT.

Waandishi wengine husimulia sehemu hii kama kisa cha mwanamke aliyeonewa, na wengine kama kisa cha mtu aliyependa wazo lake kuliko vipimo. Mimi nimesoma upande huu na ule, na naona kila upande una chembe ya ukweli. Hottel hakukosea aliposhuku makopo. Telkes hakukosea kuhusu joto fiche. Wazo lilikuwa sahihi, chombo ndicho kilichokuwa dhaifu. Kipimo cha mtu, kwa maoni yangu, ni alichofanya baadaye, na Telkes hakukimbia ile chumvi. Aliigeukia kama mganga anayerudi kwa mgonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba ukiongeza boraksi kidogo, chembe zake zinaipa chumvi mahali pa kuanzia kuganda, na ugonjwa wa pili unatulia. Miaka ya 1970 akaja na dawa ya ule wa kwanza: kuchanganya chumvi na udongo maalumu unaoifanya iwe nzito kama uji, ili ile sehemu kavu isizame.

Katikati ya hapo alihamia Chuo Kikuu cha New York, na Shirika la Ford likampa dola 45,000 atengeneze jiko la jua kwa ajili ya vijiji vya nchi maskini. Alitengeneza sanduku lenye kuta zinazozuia joto, mlango wa kioo ulioinama, na mabamba yanayong'aa pande nne ya kukusanyia mwanga. Lilipita nyuzi 150 ndani, joto la kutosha kuoka mkate au kuchemsha maharagwe, na lilibuniwa ili hata mtoto alitumie bila kuungua. Kila ninapoona malori yaliyosheheni magunia ya makala yakiingia mjini kwetu, na kufikiria misitu ya miombo inayokatwa kuyapata, nalikumbuka sanduku hilo. Halikuenea kama alivyotumaini. Anayepika bukari jioni, jua limekwisha kuzama, anahitaji joto la mchana liwe limewekwa mahali. Tunarudi pale pale: chombo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi katika kampuni ya Cryo-Therm, akitafuta vitu vinavyobadili hali vya kulinda vyombo visivyostahimili joto wala baridi. Makasha yaliyotengenezwa kwa vitu hivyo yalitumika katika mpango wa Apollo. Mwaka 1973, akiwa na umri ambao wengi wamestaafu, alikuwa Chuo Kikuu cha Delaware, ambako nyumba iliyoitwa Solar One ilichota umeme na joto pamoja kutoka kwenye jua, na aina mbalimbali za chumvi zilihifadhi joto hilo. Aliandikisha uvumbuzi zaidi ya 20. Mwaka 1952, mwaka mmoja kabla ya kuondolewa MIT, Chama cha Wanawake Wahandisi cha Marekani kilikuwa kimempa tuzo yake, naye akawa wa kwanza kabisa kuipokea.

Wakati huo huo, jibu la chombo lilikuwa likija kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia: karatasi. Miaka ya 1950, mkemia Barrett Green wa kampuni ya National Cash Register alipata namna ya kufunga matone ya wino ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Kalamu ikikandamiza, vifuko vinapasuka na maandishi yanatokea kwenye karatasi ya chini. Vitabu vingi vya risiti vinavyonakili bila karatasi ya kaboni vilizaliwa hapo.

Wengine wakajiuliza: kama kifuko kinaweza kushika wino, kwa nini kisishike nta? Hapa kazi ikahama kutoka chumvi kwenda kwenye vitu vya kikaboni: parafini, ile nta ya mishumaa, na asidi za mafuta, ambazo mawese yetu yamejaa. Vitu hivi vinayeyuka na kuganda bila kuachana vipande vipande, na kwa kawaida havili chuma kama chumvi. Lakini navyo vina kasoro. Vinapitisha joto polepole, vinashika moto, na vikiyeyuka vinavuja popote penye upenyo.

Dawa ya kuvuja, na kwa sehemu dawa ya upole wa kupokea joto, ni kapsuli. Nta iliyoyeyuka inakorogwa kwa nguvu katika maji ya moto hadi iwe matone madogo mno, mengi yakiwa sehemu tu ya unene wa unywele. Kisha kila tone linavikwa ukuta wa plastiki unaojijenga kulizunguka. Kwa nje unaona unga mkavu. Ndani ya kila chembe, nta inayeyuka na kuganda bila kumwaga hata tone. Kwa kuwa chembe ni nyingi na ndogo, joto lina njia fupi ya kuingia na kutoka. Ukuta lazima uwe na uvumilivu, maana nta inavimba ikiyeyuka, na lazima ustahimili hilo mara maelfu bila kupasuka. Ni kinyume cha karatasi ya risiti: kule kapsuli inasifiwa kwa kupasuka, huku inasifiwa kwa kutopasuka. Unga huo leo unachanganywa katika plasta ya kuta na kutiwa katika nguo. Ukuta wenye unga huo unapokea joto la mchana na kulirudisha usiku, kazi ile ile ya makopo ya Dover, bila makopo.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana bila hivyo wahariri watanirudishia karatasi yangu. Kitendo hiki cha kulivika tone ukuta tukiite nini? Neno la kwanza lililonijia lilikuwa ganda: kuvika ganda. Ni zuri, lina yai na karanga ndani yake. Lakini jaribuni kusema kwamba mafuta yaliyo ndani ya ganda yanaganda, au kwamba ganda haligandi. Mwanafunzi atapotea kabla ya kufika kwenye kemia. Kifuko kinaeleweka, ila kinaleta picha ya kitu kilegevu chenye mdomo. Nimechagua kapsuli, kwa kuwa kila aliyewahi kumeza dawa ya malaria au ya kikohozi anaijua: kitu kilichofungwa pande zote, ambacho ukuta wake una kazi. Kwa kitendo naandika kufungia katika kapsuli, na kwa vitu vyenyewe vitunzajoto vya kikaboni. Maisha ya Telkes ndiyo yaliyonionyesha kwamba istilahi hii haipaswi kutaja nta peke yake. Neno linaloacha chombo nje linaacha nje nusu ya kazi.

Mária Telkes alifariki Budapest tarehe 2 Desemba 1995, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 95. Alikuwa amerudi kutembelea mji wake wa kuzaliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 70 hivi. Mwaka 2012 jina lake liliingizwa katika orodha ya taifa ya wavumbuzi wa Marekani.

Wenzangu wa kitivo, hasa ninyi mnaozungumza Kiswahili cha Kisangani, Bukavu, Goma au Kalemie: huko kwenu mafuta yaliyoganda yanaitwaje, na yakianza kulegea karibu na moto mnasemaje? Orodha yangu bado iko wazi mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Niachieni maneno yenu katika sekretarieti ya jarida, kila neno pamoja na mahali linaposemwa.